Nani alilima chakula cha Mulopwe? Kusoma tena kitabu "Le roi ivre"



Mwezi uliopita wadogo zangu walikuwa wanaangalia filamu moja ya Kichina, zile za mambo ya ikulu ya zamani, wanawake wenye nywele zimejengwa juu kama nyumba na watumishi wanatembea wameinama. Kaisari ameketi peke yake, mbele yake meza imejaa sahani hata huwezi kuona mbao. Anagusa moja, anagusa ya pili, anatosheka. Watumishi wanaondoa zote. Mdogo wangu wa mwisho akashangaa, akaniuliza: "Yaya, na bamulopwe ba kwetu, bao balikuwa banakula namna gani?"

Nilimjibu haraka: mulopwe wa Baluba alikula amejificha, hakuna mtu alimuona. Akacheka. "Sawa patroni wa papa!"

Niwaambie kwanza hiyo ya papa, juu bila hiyo hamtaelewa kwa nini ninaandika. Baba yangu ni mpishi. Tunaishi hapa Golf, lakini si kwenye nyumba kubwa. Tuko nyuma ya parseli, kwenye aneksi. Kwa zaidi ya miaka 20 baba amepika chakula ambacho hajaona namna kinaliwa. Mara moja nilimuuliza kama patroni anapenda samaki wake. Akasema: "Miye niko napika. Kula ni kazi yake. Niko natiya bintu pa meza, natoka, nafunga mulango."

Jibu la mdogo wangu lilinirudisha kwenye kitabu nilichosoma nikiwa bado mwanafunzi pale Kasapa, nakala ya fotokopi iliyokosa kurasa. Safari hii nimekisoma chote. Kinaitwa "Le roi ivre ou l'origine de l'État", maana yake mfalme mlevi, au chanzo cha dola. Kiliandikwa na Mbelgiji Luc de Heusch, kikatoka Paris mwaka 1972. Ni kitabu kikubwa kuhusu meza ya wafalme wetu. Nataka kukisifu pale kinapostahili sifa, halafu niseme wazi mahali ambapo, kwangu mimi mtu wa kilimo, kinatuacha na njaa.

Hadithi yenyewe wengi mmeisikia kwa wazee, basi nitaipitia kwa kifupi. Zamani nchi ya Baluba ilikuwa chini ya Nkongolo Mwamba, mtu mwekundu, mkali, mwenye kulala na dada zake mwenyewe. Alikunywa, alicheka kinywa wazi, alikula mbele ya watu wote. Siku moja akafika mgeni kutoka ng'ambo ya Lualaba, mashariki: Mbidi Kiluwe, mwindaji, mweusi, mtu wa taratibu. Wakampokea vizuri, wakamletea chakula. Hakula. Wakaleta tena. Hakula. Mwishoni ndipo wakaelewa kwamba huyu hawezi kula watu wakimtazama. Wakamtengenezea pahali pa kujificha, akala.

Nkongolo hakupenda. Palikuwa na kicheko, palikuwa na maneno, wawili wakagombana, na Mbidi akarudi kwao. Lakini aliacha dada wawili wa Nkongolo, Bulanda na Mabela, wakiwa na mimba zake. Bulanda akamzaa Kalala Ilunga. Kijana akakua, akawa mpiganaji kuliko wote, na mjomba wake akaanza kumuogopa. Nkongolo akachimba shimo, akalifunika na mkeka, akamualika kijana aje kucheza ngoma juu yake. Kalala akaonywa, akakimbia, akavuka Lualaba kwa baba yake, akarudi na jeshi. Nkongolo alikatwa kichwa. Kwa Kalala Ilunga ndipo bulopwe, ufalme ule wa kweli, ulianza.

De Heusch anauliza swali ambalo sikuwahi kuliuliza, ingawa hadithi hii niliisikia tangu utoto: kwa nini ufalme unaanzia kwenye sahani? Mbidi angeweza kuleta upanga mpya, au dini mpya. Alileta adabu ya kula. Mfalme wa zamani na mfalme mpya wanatofautiana kwanza kwa kinywa: mmoja kinywa kiko wazi kwa kula, kwa kunywa na kwa kucheka; mwingine kinywa kimefungwa.

Halafu mwandishi anaenda mbali zaidi, na hapa kitabu kinakuwa kitamu. Nkongolo ni jina la upinde wa mvua. Kwa wazee wa Baluba, upinde ule ni nyoka, na ukitokea unazuia mvua. Basi mfalme mwekundu, mlevi, ni kiangazi: jua, moto, ukavu. Mbidi, mwindaji mweusi, ni upande wa mvua. Wakati Kalala anamshinda Nkongolo, ni kama mvua inashinda kiangazi, na nchi inaanza kuzaa. De Heusch alifuata njia ya Claude Lévi-Strauss, ile ya kutazama hadithi kama hesabu ya vitu vinavyopingana: kavu na maji, wazi na siri, mbichi na kilichopikwa. Mara nyingine njia hiyo inachosha. Hapa inafanya kazi.

Nawaambia kama mtu aliyesoma kilimo: wazee hawakukosea. Upinde unaonekana wakati mvua inakatika na jua linapenya. Si kwamba upinde unafukuza mvua, lakini ukiuona, mara nyingi mvua ya pale ulipo imekwisha au imehamia pengine. Ni uangalizi wa mtu aliyesimama shambani na kutazama juu. Na katika nchi yetu, ambapo mvua inakuja Novemba na kuondoka Aprili na mkulima ana msimu mmoja tu wa mahindi, mtu anayeshika mvua ndiye anayeshika chakula cha mwaka mzima.

Kitabu hakikubaki kwa Baluba. Kinaenda kwa Balunda, ambapo mzee Yala Mwaku ameketi anasuka mikeka, pembeni kuna chungu cha maji ya kulowesha nyuzi. Watoto wake wa kiume wanafika, wanayaona maji yale, wanadhani ni malafu, wanamtukana baba kuwa mlevi. Kwa kosa hilo wanapoteza ufalme. Unaenda kwa binti, Lueji, ambaye baadaye anaolewa na mwindaji mgeni, Chibinda Ilunga. Kinaenda kwa Bakuba, ambapo Woot amelewa na kulala uchi, watoto wa kiume wanamcheka, binti anamfunika, na binti anapata urithi. Mara tatu, katika nchi tatu, kinywaji na kicheko vinaamua nani atatawala. Ukimaliza sura hizo huwezi tena kukaa kwenye harusi, ukaona wakubwa wametengewa salo yao, na kufikiri kwamba ni mambo ya viti tu.

Hiyo ndiyo nguvu ya kitabu, na ninaiheshimu. Sasa nije kwenye malalamiko yangu.

La kwanza: nani alisimulia hadithi hii? De Heusch mwenyewe utafiti wake wa Kongo aliufanya hasa kwa Batetela. Kwa Baluba alitegemea maandishi ya wengine: mmisionari Burton, mtawala wa kikoloni Verhulpen, padri Theeuws. Na hao nao walipokea maneno ya watu wa ikulu au wa karibu na ikulu. Ni watoto wa Kalala wanaosimulia. Basi ni ajabu gani kama katika hadithi hiyo Nkongolo anakula kama nguruwe na Mbidi anakula kama malaika? Aliyeshinda ndiye anayeeleza namna aliyeshindwa alivyotafuna. Mwandishi anayapokea maneno hayo kama ramani ya fikra za Baluba wote. Kwangu mimi ni kwanza maneno ya ikulu juu ya ikulu.

La pili, na hili linanigusa zaidi: katika kurasa zote hizo kuhusu kula, hakuna chakula. Tunajua Mbidi alikula wapi, na kwamba hakuonekana. Alikula nini? Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kilimo anaweza kusaidia. Mahindi, mihogo na karanga asili yake ni Amerika. Hayakufika huku kabla ya karne ya 16. Kama hadithi inazungumza kweli juu ya mwanzo wa ufalme, basi meza ya kwanza ya bulopwe huenda haikuwa na bukari ya mahindi, wala ya mihogo, wala sombe. Tafuteni huko mtama, ulezi, kunde, njugu mawe, samaki wa maziwa ya Upemba, nyama ya pori, mafuta ya ngazi. Kila kimoja kina mtu wake. Mtama una mwanamke aliyeupalilia na mtoto aliyefukuza ndege. Samaki ana mvuvi. Chumvi ina watu waliochota udongo wa chumvi, wakauchuja, wakachemsha maji yake mpaka yakauke. Mwanahistoria Thomas Reefe, katika kitabu chake cha 1981 juu ya ufalme wa Baluba, "The Rainbow and the Kings", anazungumzia ushuru na biashara. Hapo ndipo unakutana na chumvi, samaki, chuma na mafuta vinavyotembea kuelekea ikulu. Kwa de Heusch chakula kinafika nyuma ya kizuizi kama vile kilianguka kutoka mbinguni.

Hapa nirudi kidogo kwa Wachina wa wadogo zangu, juu wanatusaidia kuona. Kaisari wa mwisho, Puyi, aliwekwa kwenye kiti mwaka 1908 akiwa hajatimiza miaka 3, akakiacha 1912, akabaki ndani ya ikulu ya Beijing mpaka 1924. Baadaye aliandika maisha yake, na kurasa juu ya chakula zinashangaza. Anasema sahani nyingi zilizopangwa mbele yake zilikuwa za kutazamwa tu. Zilipikwa mapema na kukaa motoni zikingoja amri. Alichokula kweli kililetwa kutoka jiko la mama wa ikulu. Ndani ya kila chombo kulikuwa na kipande cha fedha cha kupima sumu, na mtumishi alionja kwanza. Na kwenye hesabu za jiko aliyekuwa bado mtoto mdogo aliandikiwa, kwa mwezi mmoja, jin 810 za nyama, karibu kilo 480, pamoja na kuku na bata 240.

Kilo 480! Nilichukua kalamu. Ni hesabu ya darasani tu, ya kuonyesha ukubwa: kupata kilo moja ya nyama ya nguruwe unaweza kutumia kilo 4 za nafaka. Hiyo ni karibu tani 2 za nafaka kwa mwezi. Kwa mavuno ya mkulima wa kwetu asiye na mbolea, tuseme tani 0.8 kwa hektari, ni zaidi ya hektari 2 kila mwezi, karibu hektari 29 kwa mwaka, kwa nyama ya mtoto mmoja ambaye tumbo lake halikuzidi ngumi yangu. Kuku na bata sikuwahesabu.

Angalieni sasa. Kaisari alifichwa nyuma ya wingi wa sahani. Mulopwe alifichwa nyuma ya kizuizi. Njia mbili tofauti, lakini faida ni ileile: hakuna mtu nje anayejua mfalme amekula kiasi gani. De Heusch anaona adabu katika kinywa kilichofungwa. Mimi naona pia kwamba kinywa kilichofungwa hakihesabiki. Nkongolo, pamoja na ubaya wake wote, na sitetei mtu wa kulala na dada zake, alikula mahali ambapo mkulima angeweza kumtazama na kusema: leo ameshiba mara mbili, na sisi bado.

Wachina angalau walimkumbuka mpishi. Katika mapokeo yao yuko Yi Yin, ambaye inasemwa alianza kama mpishi, akawa waziri mkubwa wa mfalme Tang, mwanzilishi wa ukoo wa Shang. Alimfundisha mfalme kutawala kwa mifano ya jikoni. Katika hadithi ya Mbidi, kama nilivyoisikia na kama nilivyoisoma, mpishi hana jina. Baba yangu nilipomsimulia habari za Yi Yin alinyamaza kidogo, halafu akauliza kama mshahara wake ulipanda.

Niongeze kitabu kingine, juu kinagusa mji wetu. Mnamo 1986 mtafiti Johannes Fabian alikuwa hapa Lubumbashi. Wakati wa chakula na marafiki, firigisi ya kuku, ile tunayoiita jezie, ilimfikia yeye. Akataka kuigawa. Wakamkataza kwa msemo: "Le pouvoir se mange entier." Ukubwa unaliwa mzima, haukatwi. Aliposhangaa na kuuliza maana, kundi la Mufwankolo, wale wachekeshaji ambao wazazi wetu waliwapenda kwenye televizio, wakauchukua msemo ule na kuutengenezea mchezo mzima kwa Kiswahili cha hapa hapa. Fabian aliandika juu ya kazi hiyo katika kitabu "Power and Performance" cha 1990. Ninachopenda ni kwamba wachezaji hawakuuchukua msemo kama amri. Walibishana juu ya maana yake, kila mmoja na fikra zake, na kubishana huko ndiko kulikozaa mchezo. De Heusch hana mtu wa kubishana naye. Watu wake wote walishakufa, au wako ndani ya vitabu vya mapadri.

Na firigisi hiyo ina habari na mimi.

Kwetu, kuku akipikwa, firigisi ni ya baba. Mama hajawahi kuificha sababu: "Ile ni ya papa yenu. Bana banamuke habakulake ile." Nilikua hivyo, nikapata licence hivyo, bila kujua ina ladha gani.

Miaka mitatu iliyopita nilifanya stage katika programu moja ya kilimo, jina lake si la hapa. Tulikuwa na wakulima wa kijiji kimoja, umbali wa saa mbili kwa gari, wengi wao wanawake. Walikuwa wamefanya kazi nzuri sana. Udongo wetu mwekundu mnaujua, chachu, umechoka. Walileta majivu, walileta samadi, walipanda kwa mistari, na mahindi yakatoka marefu kuliko mtu. Siku ya mavuno wakubwa wakafika kutoka mjini. Palipandishwa tente. Hotuba zikatolewa. Halafu pande za tente zikashushwa, eti juu ya vumbi, na chakula kikaingia: kuku, wali, soda baridi. Kuku walitoka kijijini. Wakulima walibaki nje chini ya mwembe.

Mimi nilikuwa ndani. Sikuingia kwa nguvu, niliitwa, na nilifurahi kuitwa. Mkubwa mmoja, katika kicheko, akaweka firigisi kwenye sahani yangu: "Leo mukubwa ya mashamba njo weye, kamata jezie." Wote wakapiga makofi. Nikaila nzima. Niseme ukweli: ilikuwa tamu.

Nilipotoka, mama mmoja wa wale tuliopima naye mistari tangu Novemba akaniangalia.

"Mwana, mulikula muzuri?"

"Ndiyo, mama."

"Njo muzuri. Na mbegu ya mwaka wenye kuya, itafika mbele ya mvula?"

Nikasema itafika. Sikuwa na mamlaka yoyote ya kusema hivyo, lakini mdomo wangu ulikuwa bado na mafuta. Mbegu zilifika katikati ya Januari. Ninyi mliosoma pamoja nami mnajua maana yake. Wengine niwaeleze: huku mahindi yanataka kuingia ardhini kuanzia katikati ya Novemba, tuseme mpaka mwisho wa Desemba. Ya Januari yanakutana na mwisho wa mvua yakiwa bado yanajaza punje. Wale mama walivuna majani.

Tangu siku hiyo sisomi tena hadithi ya Mbidi kama zamani. Na hapa nimrudishie de Heusch haki yake, juu jibu nililipata ndani ya kitabu chake mwenyewe, ingawa yeye hakulitumia namna ninavyolitumia mimi. Yeye anaonyesha kwamba mfalme anayekula kwa siri ndiye pia mfalme wa mvua. Katika kazi zake nyingine juu ya ufalme mtakatifu alisisitiza jambo hilo: mwili wa mfalme umefungwa pamoja na uzazi wa nchi. Vitu viwili hivyo vinatembea pamoja. Mulopwe anatengwa na sahani yake inafichwa kwa sababu amebeba kitu kizito kuliko watu wengine wote. Akila mzima, anabeba mzima. Ardhi ikikauka, hawezi kusema hayamhusu.

Sisi tumechukua nusu. Kizuizi tumekihifadhi vizuri sana: tente, salo ya wakubwa, madirisha meusi ya gari, kuta za huku Golf zenye waya juu. Msemo wa firigisi tunaujua kwa moyo, na mtu akiona mkubwa anakula peke yake anatikisa kichwa na kusema ndivyo desturi yetu, ukubwa haugawanywi. Lakini ile nusu ya mvua, nani anaidai? Tukila mzima, mbegu zikachelewa, nani anaulizwa? Katika mji huu ambao bei ya unga inapanda kila mara Zambia ikifunga mlango wa mahindi yake, swali hilo si la mapadri na maprofesa. Ni la sufuria ya jioni.

Kwa hiyo, je, kitabu kisomwe? Ndiyo, kisomwe, hasa na ninyi wa kilimo, wa uchumi na wa sheria mnaofikiri kwamba hadithi za wazee ni kazi ya watu wa fasihi peke yao. Anayeanza asiogope kuruka kurasa zenye michoro ya vitu vinavyopingana. Hadithi za Baluba, Balunda na Bakuba zinatosha kukushika. Lakini msome mkiwa na swali mkononi, lile ambalo mwandishi hakuliuliza: kila anapoandika kwamba mfalme alikula, ninyi ulizeni kililimwa wapi, na nani, na yule aliyelima alikula nini usiku ule.

Na kama mnataka sauti ya upande wa pili wa mlango, ipo, tena kwa Kiswahili cha mji huu. Mwaka 1965 André Yav aliandaa "Vocabulaire de ville de Elisabethville", historia ya mji iliyoandikwa kwa ajili ya waliokuwa watumishi wa nyumbani wa wazungu. Fabian aliitoa kwa wasomaji mwaka 1990. Ndiyo historia ya watu waliopika na kufunga mlango. Nilipomsomea baba kurasa chache alikatiza mara nyingi, anasahihisha, anaongeza, anasema hapana haikuwa hivyo kwetu. Kwa "Le roi ivre" alisikiliza tu kwa heshima.

Jumapili iliyopita mama alipika kuku. Nilimwambia mbele ya wote kwamba mwaka ule, kule kijijini, nilikula firigisi. Mama akashika mdomo. Baba aliitazama ile iliyokuwa kwenye sahani yake, akauliza: "Na mbegu, balipata?"

Nikamjibu hapana, hazikufika kwa wakati.

Hakunipa neno lingine. Aliila firigisi yake, polepole, na sisi wote tukimuangalia.

Wadogo na wakubwa, maoni yenu nayangoja hapa chini. Hasa wale waliowahi kukaa ndani ya tente.